Siku Tatu za Bure

Tangazo walilibandika kwenye kioo changu, upande wa nje,
nikalisoma kinyumenyume tangu alfajiri:
KWA USUMBUFU ULIOTOKEA ABIRIA WOTE WATAVUKA BURE
JUMATATU HADI JUMATANO. ASANTENI KWA SUBIRA.
Hawakuuliza kama tulisubiri
au tulikosa tu pa kwenda.

Mimi ni mkata tiketi wa gati la Mokowe.
Siku kumi na tisa injini ya *Wema Hauozi* ililala karakana,
imefunikwa gunia kama maiti asiye na jamaa.
Kipuri kilikuwa Mombasa. Kisha kilikuwa njiani.
Kisha kikafika, kumbe si chenyewe.
Siku kumi na tisa nilifungua dirisha saa kumi na mbili na nusu
ili watu wapate wa kumtukana.

Niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu.
Si matusi, yale nilimwachia Mungu. Hasara.
Wangechi wa Hindi: kreti nne za nyanya,
zilivuja mpaka ndani ya viatu vyake.
Famau seremala: bawaba za shaba zilibaki ng'ambo hii,
bibi arusi akaingia nyumbani kwa kupitia pazia.
Khuleta: mtihani saa mbili, alifika saa nne,
akapewa kiti, hakupewa karatasi.
Boti za maalumu zilikuwepo, hazikukosekana.
Mia na hamsini iligeuka elfu,
na usiku iligeuka "una ngapi?"

Sasa bure.
Watoto walivuka wakarudi, wakavuka wakarudi,
mpaka nahodha akaanza kuwahesabu kama mizigo.
Bi Maka, na goti lake bovu,
alikwenda kunywa kahawa Langoni, kikombe kimoja tu, akarejea:
"Mwanangu, yeo nimepanda kana mke wa liwali."
Nikacheka naye. Sikuona ubaya wa bure.
Kicheko kilidumu mpaka Jumanne, saa tatu kasorobo.

Twalib Kale, mchukuzi wa saruji, kope bado nyeupe kwa vumbi,
aliweka dirishani noti ya mia na sarafu tano za kumi.
"Kata tiketi."
Nikamwonyesha tangazo.
"Nimelisoma. Kata."
"Bwana Twalib, leo ni bure."

"Usiku wa siku ya nane mke wangu alikuwa hospitali, ng'ambo ile.
Nilisimama hapa. Taa za Amu naziona, moja moja,
nakisia dirisha lake ni lipi.
Boti ilitaka elfu tatu. Nilikuwa na mia nne na simu.
Simu waliikataa, ina ufa.
Nilivuka asubuhi. Kitanda kilikuwa kimeshatanduliwa.
Nikipanda bure leo, itakuwa tumelipana.
Sitaki tulipane."

Foleni ilinyamaza. Punda mmoja hakunyamaza.
Vitabu vya tiketi ofisi ilikwisha vichukua,
tusije tukavitumia vibaya.
Nikachana ukurasa wa nyuma wa daftari,
nyanya za Wangechi upande mmoja,
na upande wa pili nikaandika:
Mtu mmoja. Mokowe kwenda Amu. Amelipa.
Muhuri ulikuwa mkavu. Nikaupulizia pumzi, ukashika nusu.

Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya kofia.
Akapanda, akakaa nyuma kabisa, pale injini inapopiga kelele
na hakuna anayeweza kukupa pole.

Jioni mhasibu aliuliza: mia na hamsini ya nini, siku ya bure?
Safu ya mapato alishaitia sifuri,
akaipigia mstari kwa rula.
"Kuna mtu alilipa."
"Kwa nini?"
Nikatazama kioo. Gundi ilikuwa imeachia pembe moja,
ASANTENI imejikunja kama ulimi.

Pesa ile iko kwenye droo, ndani ya bahasha.
Juu nimeandika DENI.
Jina bado.
Alhamisi nauli ilirudi mahali pake.
Na injini, naisikia nikiwa hapa hapa,
imeanza kukohoa.